Voyage to the Bottom of the Sea: ile episodi ya nyangumi kumeza kengele na watu ndani, kisayansi imekaaje?

#1 Ngalawa Bovu
Wakuu, habari za muda huu.

Jamaa yangu kaniazima flashi imejaa tamthilia za zamani za Kimarekani. Humo nikakuta Voyage to the Bottom of the Sea, ile ya nyambizi Seaview inayozunguka baharini kufanya utafiti huku ikipambana na kila aina ya balaa. Nikaangukia episodi ya kwanza ya msimu wa 2, inaitwa "Jonah and the Whale".

Kwa ambao hawajaiona: Admirali Nelson anashuka baharini kwenye kengele ya kuzamia, yaani lile dude la chuma linaloteremshwa kwa waya, akiwa na mwanasayansi wa kike wa Kisovieti anayeitwa Katya. Wakiwa huko chini linakuja linyangumi la kutisha, linaimeza kengele nzima na wao wakiwa ndani. Kapteni Crane anaanza kumfukuzia nyangumi na nyambizi, mwisho wapiga mbizi wanaingia ndani ya mnyama kwenda kuwatoa.

Nina maswali mawili. Ukiacha mbwembwe za sinema, kitu cha namna hii kinaweza kutokea? Na la pili ndilo linaloniumiza kichwa: msimu wa 1 ulikuwa wa majasusi, makombora na utafiti wa maana. Ni nini kilitokea mpaka wakahamia kwenye minyama?

#2 Kiti cha Mbele
Nimevuta kigoda. Wajuzi shusheni nondo.

#3 Ustadh Mtoro
Assalaam alaykum. Mleta uzi, hiyo habari ni ya zamani kuliko hizo TV zenu. Nabii Yunus (AS) alimezwa na akatoka mzima, imo Suratus Saffat, na ndugu zetu Wakristo wanayo pia kwenye kitabu cha Yona. Sasa unapouliza kama inaweza kutokea unamuuliza nani?

#4 Hesabu Kali
Ustadh, wa alaykum salaam. Muujiza haupimwi kwa futi kamba, hilo halina ubishi. Ila mleta uzi kaandika "kisayansi". Nelson hakuwa nabii, alikuwa na mkataba na kituo cha ABC.

#5 Mwani Mwekundu
Nimesomea mambo ya bahari, ngoja nichangie kidogo. Tuanze na koo.

Nyangumi wakubwa wengi hawana meno. Yule wa bluu, ambaye anafika hadi mita 30, anachuja uduvi. Mdomo wake unaingia kundi la watu, lakini koo ni jembamba, mtu mzima hapiti. Mwenye uwezo wa kumeza mtu ni yule mwenye meno, Wazungu wanamwita sperm whale, ambaye kichwa peke yake ni karibu theluthi ya mwili. Dume lake linafika mita 16 hadi 18. Huyo anakula ngisi, wakiwemo wale wakubwa wa kilindini, anazama zaidi ya kilomita moja kwenda chini na anaweza kukaa karibu saa nzima bila kuja juu kupumua.

Kwa hiyo mtu kupita kooni, sawa. Chuma chenye nafasi ya watu wawili, hapana. Halafu watu mnaogopa tindikali, wakati tumbo lake lina vyumba vinne na kile cha kwanza hakina tindikali kabisa. Kazi yake ni kuponda. Utapondwa kabla hujayeyushwa.

#6 Kiti cha Mbele
"Utapondwa kabla hujayeyushwa." Dada umenitia moyo sana, kesho nilikuwa naenda Mbudya kuogelea.

#7 Njoro wa Nakuru
Sasa wasee. Msisahau ile stori ya Marekani ya Juni 2021, pale Cape Cod. Jamaa alikuwa mzamiaji wa kamba, akanaswa mdomoni mwa nyangumi mwenye nundu. Kukawa giza totoro, akadhani ni papa, akashangaa mbona hahisi meno. Alikaa mle kitu nusu dakika hivi, nyangumi akapanda juu akamtema. Alitoka na majeraha tu, akaishia hospitali akihojiwa na waandishi.

Na hao wenye nundu ndio hawa wetu, wanapita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba wakitoka kusini kuja kuzaa. Kule Watamu, watu wanalipa boti kwenda kuwaona. Mimi nishaenda, nyangumi alipiga mkia hapo karibu, watalii wakashangilia, mimi nikashika boti.

#8 Hesabu Kali
Njoro, mdomoni si tumboni. Kwenye episodi wameshuka mpaka ndani. Huyo wa Cape Cod aliishia mlangoni.

#9 Jirani wa Feri
Kuna baharia wa Kiingereza aliitwa James Bartley, mwaka 1891, meli Star of the East, karibu na visiwa vya Falkland. Alimezwa na nyangumi, wenzake wakamuua yule nyangumi, walipompasua wakamkuta Bartley tumboni yu hai, kazirai, ngozi imekuwa nyeupe. Niliisoma kwenye gazeti zamani. Kwa hiyo tumboni pia watu wamefika.

#10 Mzee wa Mwambao
Jirani, hiyo ni chai, tena ya maziwa. Mwanahistoria wa Marekani, Edward Davis, aliifuatilia mpaka kwenye orodha za mabaharia na kuchapisha alichokuta mwaka 1991. Meli ilikuwepo kweli, lakini haikuwa meli ya kuwinda nyangumi. Mke wa nahodha alishaandika mapema kabisa kwamba hakuna hata neno moja la kweli. Ilichapwa na magazeti, yakanakiliana, na mahubiri yakaichukua.

#11 Jirani wa Feri
Shikamoo mzee. Hata hivyo, mke wa nahodha si nahodha.

#12 Mzee wa Mwambao
Marahaba. Alikuwa safarini naye.

#13 Fundi Kompresa
Ninyi mnabishana koo na tumbo, mimi nawaza chuma. Nimefanya kazi za kuchomelea chini ya maji gatini, najua kidogo presha inavyouma.

Kila mita 10 unazoshuka unaongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu. Mita 900 maana yake kila sentimita ya mraba inakandamizwa kwa kilo 90 na zaidi. Chukua kidirisha cha duara chenye upana wa sentimita 20: kinabeba tani 28 na ushee. Kidirisha kimoja!

Watu walishafika huko kweli. Mwaka 1934, karibu na Bermuda, William Beebe na Otis Barton walishuka mita 923 ndani ya tufe la chuma lenye upana wa mita moja na nusu kasoro. Hawakuweka kioo cha kawaida, waliweka kwazi iliyoyeyushwa (quartz, lile jiwe gumu linalopitisha mwanga), unene karibu sentimita 8. Hewa walikuwa na mitungi ya oksijeni, na trei za chokaa ya soda za kunyonya ile hewa chafu wanayotoa. Na cha kuizungusha hewa mle ndani walitumia vipepeo vya ukili. Nawaambia ukweli, vipepeo vya ukili kama vya bibi jikoni, kwenye kilindi ambacho hakuna binadamu aliyewahi kufika.

Ndiyo maana nikimwona Nelson mle amekaa anazungumza na yule dada kwa utulivu, jasho hakuna, nasema huyu hajui anachovuta. Kwenye chumba kilichofungwa haikuui kukosa oksijeni kwanza. Inakuua ile kaboni unayoitoa mwenyewe.

#14 Mama Kayai
Fundi umesema vizuri. Ila yule dada ni Gia Scala, na Nelson ni mwanaume. Jasho lilikuwepo, lilifutwa na mpambaji.

#15 Ngalawa Bovu
Hahaha Mama Kayai jamani. Fundi, nisaidie hapa: Crane na wenzake wanaingia ndani ya nyangumi na mitungi ya oksijeni mgongoni na wanawatoa. Hiyo je?

#16 Fundi Kompresa
Kwanza si mitungi ya oksijeni. Kila mtu anasema hivyo lakini ule mtungi una hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa. Oksijeni tupu ukiivuta ukiwa mita chache tu chini inageuka sumu, inakutia degedege.

Pili, lazima ujue kengele ni ya aina gani. Kama imefungwa, ndani mna presha ya nchi kavu. Sasa tumbo la nyangumi halizuii presha, nyama inabonyea, presha ya ndani ni sawa na ya nje. Ukifungua kifuniko ukiwa kilindini maji au uchafu wa tumboni unaingia kwa nguvu ya kukata mtu vipande. Kama kengele iko wazi chini, basi Nelson na Katya tayari wamevuta hewa nzito, na nyangumi akipanda juu kwa kasi damu yao inatoa mapovu. Njia zote mbili hawatoki wazima.

#17 Mwani Mwekundu
Labda nyangumi alikuwa karibu na uso wa bahari wakati wa kuokoa. Lazima apande kupumua, hana namna. Pale ndipo ungefungua kama kengele ni ya kufungwa.

#18 Hesabu Kali
Halafu Seaview ilikuwa inamfukuza akiwa chini. Itazame tena.

#19 Mwani Mwekundu
Nimeitazama. Anapanda na kushuka. Nyangumi hakai mahali pamoja, Hesabu.

#20 Fundi Kompresa
Habari ya mapovu ya damu si ya kwenye TV. Mjomba wangu alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari. Walikuwa wanavuta hewa ya kompresa iliyofungwa kwenye boti, ile ile ya kujazia matairi, mpira mrefu mpaka mdomoni, moshi wa injini unaingia humo humo. Siku hiyo injini ikazima, akaibuka moja kwa moja. Jioni akaanza kulalamika magoti yanamuuma, tajiri akampa panado na hela ya daladala. Asubuhi mguu wa kushoto ukawa haumtii, na mpaka leo anauburuza. Nikiona Crane anaibuka kutoka kilindini na nywele hazijachafuka huwa nazima TV.

#21 Mama Kayai
Pole kwa mjomba. Hao matajiri wa majongoo wana kesi ya kujibu.

#22 Njoro wa Nakuru
Pole fundi. Huko kwetu pwani pia wamo, unawaona wanatembea upande.

#23 Mzee wa Mwambao
Sasa nije kwenye swali la pili la mleta uzi, maana mmelitelekeza.

Episodi hiyo ilirushwa tarehe 19 Septemba 1965. Ndiyo iliyofungua msimu wa rangi, msimu mzima wa 1 ulikuwa mweusi na mweupe. Na wiki hiyo hiyo kulikuwa na binadamu halisi wanaoishi chini ya bahari. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa limeweka nyumba ya chuma, Sealab II, mita 62 chini, karibu na La Jolla, California, tangu tarehe 28 Agosti. Scott Carpenter, mwanaanga aliyezunguka dunia mwaka 1962, alikaa mle siku 30 mfululizo. Walikuwa na pomboo anaitwa Tuffy anayewapelekea vifaa. Walivuta mchanganyiko wa heliamu, sauti zikawa nyembamba, na baadaye Carpenter akazungumza na Rais Johnson kwa simu kwa sauti hiyo hiyo. Na upande wa Ufaransa, mtafiti wa bahari Jacques Cousteau alikuwa na watu 6 mita 100 chini kwa wiki tatu.

Kwa hiyo kusema bahari halisi haikuwa na msisimko wa kutosha si kweli. Irwin Allen, mwenye tamthilia, alikuwa na hadithi mlangoni akachagua nyangumi wa plastiki. Kwa maoni yangu ni rangi. Ukishapewa rangi unataka kitu cha kuonyesha, na majasusi wamevaa suti za kijivu.

#24 Hesabu Kali
Mzee heshima yako, ila rangi haitoshi. Angalia ratiba. Msimu wa 1 ilikuwa Jumatatu usiku saa moja na nusu. Kuanzia msimu wa 2 wakaihamishia Jumapili saa moja kamili, muda ambao watoto wako mezani. Nani anaweka mambo ya Urusi na makombora mbele ya mtoto wa miaka minane? Mtoto anataka linyangumi.

#25 Bandari Salama
Mimi nadhani ni hela. Siku nne kabla ya episodi hiyo, yaani 15 Septemba 1965, Irwin Allen huyo huyo alizindua Lost in Space kule CBS. Tamthilia mbili kwa wakati mmoja. Nguo ya mnyama ukiishona inavaliwa huku, ikipakwa rangi nyingine inavaliwa kule. Ukiwa na jitu la mpira huhitaji mwandishi mzuri, jitu linaingia, watu wanapiga kelele, nyambizi inatikiswa, imekwisha.

#26 Mama Kayai
Kutikisika! Mmeona ile? Wote wanaangukia kushoto, kisha wote kulia, cheche zinaruka kwenye kila mtambo, na baada ya dakika moja kila kitu kinafanya kazi. Fundi wao wa umeme nampataje?

#27 Hesabu Kali
Naongeza kitu kitakachowavuruga wote, na mimi mwenyewe nikiwemo. Minyama haikuanza msimu wa 2. Msimu wa 1 kuna "The Ghost of Moby Dick", Desemba 1964, nyangumi mkubwa. Na kabla yake kuna "Turn Back the Clock", Oktoba 1964, yenye madinosaria. Wakati huo haina rangi, Lost in Space haijazaliwa, na ni Jumatatu. Madinosaria yenyewe walikata kutoka kwenye filamu ya Allen ya mwaka 1960, The Lost World, ambayo David Hedison, huyu huyu Kapteni Crane, alicheza. Wakamvalisha tena nguo zilezile ili picha za zamani zioane na mpya.

#28 Bandari Salama
Hapo umenipa pointi mimi, Hesabu. Picha za zamani kutumika upya ni nini kama si hela?

#29 Mzee wa Mwambao
Episodi mbili kati ya 32 hazifanyi msimu wa minyama. Msimu wa 3 na wa 4 ndio utajua. Mtu anayegeuka mbwamwitu, mizimu, mtu wa mmea, mwanasesere. Jumla ni episodi 110, na ukizipanga unaona mteremko.

Na kwa vile umemtaja Moby Dick: Richard Basehart, aliyecheza Nelson, ndiye Ishmael kwenye filamu ya Moby Dick ya mwaka 1956. Alinusurika nyangumi wa 1956 akiwa peke yake aliyebaki kusimulia, halafu 1965 wakampeleka akamezwe. Huyo mtu alikuwa na deni na nyangumi.

#30 Kiti cha Mbele
Hii ya Ishmael imeniondoa kwenye kigoda.

#31 Ustadh Mtoro
Deni la nyangumi hulipwa kwa tasbihi. Mbona Yunus hakuhitaji nyambizi.

#32 Hesabu Kali
Ustadh, wewe umekubali kwamba unasoma uzi wote. Karibu.

#33 Mswahili wa Muscat
Nawasalimu kutoka Muscat. Dada Mwani, kwenye maelezo yako umeruka kitu kikubwa. Huyo nyangumi mwenye meno ndiye anayetoa ambari. Yale midomo ya ngisi, ile sehemu ngumu, haisagiki. Inakwaruza utumbo, basi mwilini inafunikwa na kitu cha nta, na kinachotoka ndicho ambari. Huku Oman wavuvi wakiokota bonge lake maisha yao yanageuka. Mpaka leo wazee huku wanaichanganya na udi na kuipaka nguo.

Kwa hiyo kama Nelson angekaa mle muda wa kutosha, angetoka na thamani.

#34 Mwani Mwekundu
Kweli kabisa, na ukipasua ambari mara nyingi unakuta ile midomo ya ngisi imo. Ndiyo iliyowasaidia watu kujua wanakula nini huko chini kabla hatujawa na kamera. Ila kengele ya chuma kugeuka ambari, kaka...

#35 Mama Kayai
Admirali wa kunukia. Nitamnunua.

#36 Jirani wa Feri
Mbona hamjazungumzia madirisha ya Seaview? Nyambizi ina madirisha makubwa mbele, unaona bahari yote, halafu inashuka kilindini. Marekani walishapoteza nyambizi Thresher tarehe 10 Aprili 1963, watu 129, na haikuwa na dirisha lolote. Mwaka mmoja na nusu baadaye unaonyesha watu nyambizi yenye vioo sebuleni?

#37 Fundi Kompresa
Swali zuri. Mwaka 1960, tarehe 23 Januari, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka na chombo kinaitwa Trieste mpaka shimo la Mariana, karibu kilomita 11. Walipokuwa wanashuka, zaidi ya kilomita 9 chini, wakasikia kishindo, chombo chote kikatikisika. Kumbe kioo cha nje cha plastiki kimepata ufa. Wakaendelea kushuka! Hao ndio waliokuwa na roho. Na dirisha lao la kuchungulia lilikuwa dogo sana, la umbo la pia, nyembamba ndani na pana nje, ili presha ilikaze badala ya kulitoa.

Titan, kile chombo kilichopondwa na presha Juni 2023, hakikuhitaji hata dirisha lipasuke. Mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, wakienda kuangalia Titanic, mita 3,800. Watu 5, hawakupata hata muda wa kushtuka.

#38 Hesabu Kali
Na madirisha ya Seaview yalipungua. Kwenye filamu ya 1961 na msimu wa 1 yalikuwa 8, safu mbili. Kuanzia msimu wa 2 yakabaki 4, na chini yake wakapata mahali pa kuweka kile chombo cha manjano kinachoruka na kuzama. Kwa hiyo uhandisi uliboreshwa kwa sababu ya mdoli mpya.

#39 Bandari Salama
Mdoli mpya = hela. Nashukuru.

#40 Hesabu Kali
Mdoli mpya = watoto wa Jumapili. Nashukuru pia.

#41 Njoro wa Nakuru
Hii kitu ingepita kwa DJ Afro ingekuwa hit. Hebu imagini ile sauti: Nelson yuko ndani ya tumbo, Katya analia, na msimuliaji anamwambia Nelson "wewe mzee uliambiwa usitoke nyumbani Jumapili". Hakuna mtu angeuliza presha.

#42 Kiti cha Mbele
Kibanda umiza kizima kingesimama. Tunalipa mia mbili kumwona Mrusi anaokolewa na Mmarekani.

#43 Mzee wa Mwambao
Hapo umegusa jambo, pengine bila kukusudia. Katya ni Msovieti na anatendewa kwa heshima, ni mwanasayansi na anajua kazi yake. Miaka mitatu tu baada ya makombora ya Cuba. Wengine wanasema ndiyo sababu ya minyama: walichoka kumfanya Mrusi adui kila wiki, wakahitaji adui asiye na ubalozi. Mimi naiona ina uzito, ingawa bado nabaki na rangi yangu.

#44 Mwani Mwekundu
Kuna mfano mwingine wa kulinganisha. seaQuest DSV, NBC, ilianza tarehe 12 Septemba 1993, ikijifanya ni mwaka 2018. Robert Ballard, aliyeongoza timu iliyoikuta Titanic mwaka 1985, alikuwa mshauri wao wa sayansi msimu wa 1, mwisho wa episodi anatokea mwenyewe kueleza lipi ni la kweli. Episodi yao ya pili inahusu matundu ya maji moto ya kwenye sakafu ya bahari, yale yaliyogunduliwa kweli karibu na Galapagos mwaka 1977, ambako viumbe wanaishi bila jua kabisa. Mimi hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma bahari, nilikopeshwa kanda na jirani.

Halafu msimu wa 2 Ballard hayupo, wakaleta mambo ya viumbe wa ajabu na nguvu za akili. Roy Scheider, nahodha wao, alilalamika hadharani. Rangi ilikuwepo tangu mwanzo. Vita Baridi vilikwisha. Mbona nao waliteremka mteremko uleule?

#45 Bandari Salama
H-E-L-A.

#46 Mzee wa Mwambao
Binti, umeuliza vizuri. Labda bahari yenyewe ni ngumu kwa TV. Angani kuna nyota, kuna sayari mpya kila wiki. Chini ya maji, ukifika mita 1,000 ni giza tu, na mtu amekaa kwenye tufe anapepea. Ukimwonyesha hivyo kwa saa nzima watu watahama stesheni.

#47 Fundi Kompresa
Mzee mimi ningetazama. Beebe mle ndani alikuwa anaelezea kwa simu samaki wenye taa mwilini, na juu kuna mtu anaandika. Waliwahi kuitangaza moja kwa moja redioni mwaka 1932, watu wakasikiliza. Redioni! Hakuna hata picha.

#48 Jirani wa Feri
Watu wa 1932 hawakuwa na stesheni ya kuhamia, fundi.

#49 Hesabu Kali
Walikuwa nazo. NBC ndiyo iliyorusha, na washindani walikuwepo.

#50 Ustadh Mtoro
Nimeulizwa faragha kama inafaa kutazama. Sijaona ubaya, isipokuwa huyo Katya na Nelson wawili peke yao kwenye chumba kilichofungwa.

#51 Mama Kayai
Ustadh, wa tatu wao alikuwa nyangumi.

#52 Ngalawa Bovu
Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Asanteni wote. Swali la kwanza naona tumegawanyika kati ya "atapondwa" na "atapasuka", la pili kila mtu ana mganga wake. Usiku huu naangalia ile ya madinosaria ya Hesabu Kali nione nguo za Hedison.

#53 Hesabu Kali
Angalia mikono ya shati.

#54 Kiti cha Mbele
Samahani, hii flashi inapatikana wapi? Mmefika bango la hamsini na kitu mnabishania madirisha, mimi hata hiyo nyambizi sijaiona.

#55 Ngalawa Bovu
Njoo Buguruni na flashi yako. Ije bila virusi, ya mara ya mwisho ilinilia picha zote za harusi.